Dakika Kumi na Moja za Dirisha la Kwanza

Ndugu msomaji, yamkini wewe nawe umewahi kusimama asubuhi mbele ya dirisha la ofisi, karatasi zako mkononi, huku karani aliye upande wa pili wa kioo akikutazama bila kukusemesha. Mbele yake kompyuta inawaka, lakini mikono yake imetulia mezani. Foleni nyuma yako inarefuka, na hakosi mtu wa kuguna kwa sauti ya kusikika: "Watu hawa wanalipwa kwa kukaa tu." Nami niliwahi kuguna maneno ya namna hiyo. Ubaya ni kwamba mimi sikuwa katika foleni. Nilikuwa ndani ya ofisi, tena mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kompyuta zile.

Naomba nikusimulie kisa hicho. Kimenikaa moyoni tangu mwaka 2013, na nadhani kinawahusu wengi zaidi ya mafundi.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa katika chama kimoja cha akiba na mikopo, mjini mkoani. Tulikuwa wafanyakazi arobaini na watatu. Ukumbi wa mbele ulikuwa na madirisha matano ya kuhudumia wanachama, ambao wengi wao walikuwa walimu, wauguzi na wakulima waliosafiri alfajiri kutoka vijijini. Kwa kuwa ndani ya ukumbi mlikuwa na fedha, mlango ulifunguliwa kwa funguo za watu wawili, saa moja na dakika hamsini na tano, baada ya kikao kifupi cha asubuhi. Makarani waliketi, wakawasha kompyuta zao, wakaandika jina na neno la siri, na ilipofika saa mbili kamili madirisha yakafunguliwa. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa.

Dirisha la kwanza lilikuwa la mama mmoja ambaye sitamtaja jina. Alikuwa ameingia kazini enzi za leja na taipureta, akajifunza kompyuta akiwa na wajukuu, na alikuwa amebakiza miezi kumi na minne kustaafu. Wenzake walipokuwa wakimhudumia mwanachama wa pili au wa tatu, yeye alikuwa bado ametulia, akitazama kiduara kinachozunguka na maneno ya kumtaka asubiri. Dirisha lake lilifunguka saa mbili na dakika sita, na siku nyingine saa mbili na dakika nane.

Programu yetu ya hesabu iliandika saa ambayo kila karani ameingia, na kila Jumatatu Meneja aliletewa orodha hiyo. Orodha haikusema nani amefika kazini saa ngapi, ilisema mtambo umemkubali saa ngapi. Lakini karatasi iliyopigwa chapa ina nguvu kubwa machoni pa mkubwa wa ofisi. Wiki ya kwanza Meneja alimwonya kwa mdomo. Wiki ya tatu aliniita mimi.

"Kijana, mtandao una matatizo?" aliniuliza.

"Hapana, Bwana Meneja."

"Basi niandikie."

Nikamwandikia sentensi moja: "Mtandao ni mzima." Nikatia sahihi. Siku mbili baadaye mama yule alipewa barua ya onyo, na ile karatasi yangu ikafungwa pamoja nayo katika faili lake. Onyo la pili lingemkosesha nyongeza ya mwaka, na lingekuwa jambo la mwisho kuandikwa juu ya utumishi wake wa miaka thelathini na kitu.

Nilivyopima bila kupima

Tafadhali usidhani kwamba niliandika sentensi ile kwa hila. Niliamini nilichokiandika, na nilikuwa nimefanya kazi ambayo mafundi wengi wangeiita uchunguzi.

Kwanza nilichunguza mzigo. Ipo mitandao ambamo mtumiaji akiingia, picha zake, mafaili yake na mipangilio yake yote husafirishwa kutoka kwenye seva hadi kwenye mashine aliyoketia. Mpango huo ni mzuri kwa mtu anayehamahama, ila una gharama yake. Tuseme karani amejaza video za harusi na picha za ubatizo hadi mzigo ukafika gigabaiti tatu. Njia ya megabiti mia moja kwa sekunde hupitisha, kwa hesabu ya juu kabisa, megabaiti kumi na mbili na nusu kila sekunde. Mzigo ule utachukua dakika nne nzima. Wakiingia watu kumi wa namna hiyo kwa wakati mmoja, wote wakigombea njia moja ya seva, wa mwisho anaweza kungoja dakika arobaini. Nilitazama mzigo wa mama yule: ulikuwa megabaiti arobaini tu. Barua chache, na picha moja ya mjukuu akiwa amevaa sare ya shule.

Pili nilitazama mambo ya zamani yaliyosahauliwa. Aghalabu ofisi hubadilisha printa au kustaafisha seva, lakini zile amri za asubuhi zinazounganisha mashine na vifaa hivyo hubaki. Kila kukicha kompyuta hubisha hodi kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa, hungoja, hubisha tena, hadi ikate tamaa. Sikukuta jambo hilo.

Tatu nilitazama saa. Mitandao ya aina yetu hutumia utaratibu wa ulinzi uitwao Kerberos, uliobuniwa katika chuo cha MIT huko Marekani miaka ya 1980. Utaratibu huo hutoa vibali vyenye muda, na kwa kawaida hauvumilii saa ya mashine kupishana na saa ya seva kwa zaidi ya dakika tano. Kijibetri kidogo cha ndani kikifa, mashine huamka ikidhani ni mwaka mwingine, na mtumiaji hukataliwa hata kama neno lake la siri ni sahihi. Saa ya dirisha la kwanza ilikuwa sawa.

Nikabadilisha kebo. Nikafungua intaneti katika mashine ile ile, nayo ikafunguka upesi kupita hata ya kwangu. Kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi wa mwisho. Mashine inayofungua kurasa za dunia kwa kasi namna ile, ningesemaje kwamba haioni seva iliyo chumba cha pili? Nikahitimisha kwamba mama huyu ni mzito wa vidole, hukosea neno la siri, na huona haya kusema.

Angalia sasa, ndugu msomaji, nilichokuwa sijafanya. Nilipima kutoka chumba changu. Nilipokwenda kwenye dirisha lake, nilikwenda saa nne, yeye akiwa amekwisha ingia na kazi ikiendelea. Sikuwahi kuketi katika kiti chake saa moja na dakika hamsini na tano, mashine ikiwa baridi, nikaandika jina na kungoja pamoja naye.

Naye alikuwa ameniambia. Siku moja kabla ya onyo alinikuta kwenye ujia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikuambie jambo. Wiki iliyopita mwenzetu wa dirisha la tatu aliumwa, nikakaa pale siku mbili. Nilikuwa naingia kabla sijafungua kalamu. Nikirudi kwangu, nangoja. Hebu tazama."

Nilimwitikia kwa adabu, "Nitatazama, mama." Sikutazama. Alikuwa amenipa jibu zima, tena kwa maneno yaliyo wazi kuliko ripoti ya fundi yeyote, lakini mimi nilisikia malalamiko tu. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nilisimama juu ya kaburi na kudai kwamba ndani hakuna joto.

Neno la wodini

Jioni ya siku ambayo barua ilitolewa, niliisimulia habari ile nyumbani wakati wa chakula. Niliisimulia kama mtu anayesimulia habari za wengine. Mke wangu ni muuguzi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja:

"Wewe ulikaa kwenye kiti chake?"

Nikamwambia nilikuwa nimepima kila kitu.

"Sijauliza kupima," akasema. "Wodini mgonjwa akisema kitanda hiki kinaniumiza mgongo, hatumpimi mgongo peke yake. Tunamlaza mwingine hapo, au tunalala wenyewe. Kuna siku tulikuta chuma kimevunjika chini ya godoro, na mgonjwa alikuwa amekwisha andikiwa dawa za mgongo wiki mbili."

Sikumjibu. Nilikula kimya, na usiku sikupata usingizi mzuri.

Jumamosi, tarehe 6 Julai, niliomba ukumbi ufunguliwe. Nilichukua saa yangu ya mkononi na daftari. Nilizima kompyuta ya dirisha la tatu, nikaiwasha, nikaingia kwa jina langu mwenyewe: sekunde arobaini na mbili. Nikahamia dirisha la kwanza, nikazima, nikawasha, nikaandika jina lile lile na neno la siri lile lile, kwa vidole vile vile ambavyo hakuna aliyewahi kuviita vizito. Kiduara kikaanza kuzunguka. Dakika moja ikapita, zikafuata tatu, zikafuata sita. Nilijikuta nimeweka mikono mezani, nimetulia, natazama mbele. Ndivyo alivyokuwa akikaa yule mama. Mtambo ulinikubali baada ya dakika kumi na sekunde hamsini.

Mtu alikuwa amebadilika, ucheleweshaji ukabaki pale pale. Kiti kilipobadilika, ucheleweshaji ukatoweka. Kipimo hicho hakikuhitaji chuo wala kifaa cha gharama. Kilihitaji dakika kumi na mbili na mtu aliye tayari kuketi.

Balozi na mtu wa stendi

Sasa nikueleze chanzo chenyewe, nami nitajitahidi kutumia lugha ya mtaani kwetu.

Kompyuta huitana kwa namba, lakini sisi na programu zetu tunatumia majina. Lazima basi awepo wa kuulizwa: jina hili ni la nani, na anakaa wapi? Zamani, kompyuta chache za mtandao wa ARPANET huko Marekani zilitegemea orodha moja tu ya majina, iliyotunzwa na Bibi Elizabeth Feinler na wenzake katika taasisi ya utafiti ya SRI, huko California. Mashine zilipozidi, orodha moja haikutosha. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alitoa mpango mpya, unaojulikana hadi leo kwa herufi DNS, ambamo kila eneo hutunza majina yake lenyewe na kujibu maswali kuhusu watu wake. Windows 2000 ilipotoka pamoja na utaratibu wake wa Active Directory wa kusimamia watumiaji wa ofisi, nayo iliegemea huduma hiyo ya majina. Mtumiaji anapoandika jina lake asubuhi, jambo mojawapo la mwanzo linalofanywa na mashine yake ni kuuliza: "Katika ofisi hii, seva ya kuwatambua watu iko wapi?"

Mfikirie mgeni aliyeshuka kwenye basi akitafuta nyumba ya mtu katika mtaa wenu. Akienda kwa balozi wa nyumba kumi, ataelekezwa mara moja, kwa kuwa balozi anawajua watu wake nyumba kwa nyumba. Lakini mgeni huyu ameambiwa na mtu anayemwamini: "Ukifika, muulize kwanza yule bwana wa stendi. Ukimkosa, ndipo uende kwa balozi." Yule bwana wa stendi ni hodari kwelikweli. Anajua mabasi yote, miji yote, hata njia za nchi jirani. Ila kichochoro chenu hakijui. Naye hasemi, "Sijui." Anasema kwa uhakika, "Nyumba hiyo haipo." Kwa kuwa amejibiwa, mgeni haoni haja ya kwenda kwa balozi, maana aliambiwa aende huko endapo tu atamkosa yule wa kwanza. Basi huingia mitaani, akipaza sauti na kuita jina, mlango hadi mlango, mpaka mtu amsikie na kumwitikia. Atafika, lakini atafika amechoka, na jua limepanda.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mashine ya dirisha la kwanza. Katika mipangilio yake, mahali pa kuandika anwani ya wa kuulizwa majina, iliandikwa kwanza anwani ya huduma ya nje, ile inayohudumia dunia nzima, na seva yetu ikawekwa ya pili. Ndiyo maana intaneti ilifunguka upesi hata ikanihadaa. Bwana wa stendi alikuwa akijibu vizuri sana maswali ya miji ya mbali. Alichoshindwa ni kuonyesha chumba cha pili.

Dawa yake ni rahisi, na ni kanuni ambayo kila fundi wa mtandao wa namna ile anapaswa kuishika. Mashine ya ofisi imuulize seva ya ofisi peke yake. Seva hiyo ndiyo itakayouliza huko nje, kwa niaba ya wote, majina isiyoyajua. Nilibadilisha anwani, nikazima, nikawasha, nikaitazama saa. Sekunde arobaini na nne. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kuisimulia.

Mwandiko wangu

Lilibaki swali moja: ni nani aliyeiweka anwani ile?

Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa na desturi ya kuandika kazi zangu katika daftari. Nilirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa hadi tarehe 4 Machi. Siku hiyo intaneti ilikuwa imegoma ofisi nzima, Meneja amekasirika, nami nikaanza kujaribu hiki na kile. Mwandiko ulikuwa wangu, wa haraka, umelala upande: "Dirisha 1: nimeweka anwani ya nje, kujaribu. Intaneti imerudi." Chini yake, saa sita mchana: "Nimerekebisha kwenye seva. Ofisi yote sasa ni sawa." Sikukuta mstari wa tatu, ambao ulipaswa kusema kwamba nimeirudisha dirisha la kwanza kama lilivyokuwa.

Nilikuwa nimeichagua mashine ya mama yule kwa sababu ilikuwa karibu na mlango. Sababu nyingine haikuwapo. Kwa ajili ya hatua chache za miguu yangu, mtu alikuwa amelaumiwa miezi minne.

Ndugu msomaji, sasa nafika mahali ambapo ningetamani niparuke. Ukumbi ulikuwa mtupu. Mashine ilikuwa imepona. Hakuna aliyeniona. Kama ningefunga daftari na kwenda nyumbani, Jumatatu mama angeingia kwa sekunde arobaini na nne, orodha ya wiki ifuatayo ingekuwa safi, na Meneja angesema, "Umeona? Onyo limemsaidia." Mtu angeadhibiwa kwa kosa langu, na adhabu ingehesabiwa kuwa dawa. Mimi ningebaki fundi hodari.

Tena nilikuwa na sababu ya kuogopa. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na watoto wawili walikuwa shuleni. Jumapili ile ilikuwa Sabasaba. Jirani zetu walishinda katika shamrashamra, nami nilishinda uani nikiosha baiskeli ambayo haikuwa na uchafu. Mke wangu aliniuliza kama nimeketi kwenye kile kiti. Nikamwambia nimeketi, na nilichokiona. Hakuniambia la kufanya. Alisema tu, "Barua bado imo ndani ya faili." Kisha akaingia ndani.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao, niliingia kwa Meneja na daftari langu. Nilimfungulia ukurasa wa Machi na ukurasa wa Jumamosi. Alisoma, akanitazama kwa muda mrefu.

"Uliandika kwamba mtandao ni mzima," akasema.

"Niliandika, Bwana Meneja. Haukuwa mzima. Nami ndiye niliyeuharibu mahali pale."

Aliniambia kwamba barua haitolewi katika faili kwa maneno ya mdomo, kama ilivyokuwa haikuingia kwa maneno ya mdomo peke yake. Nikaandika tena, safari hii ukurasa mzima: nilichokifanya Machi, nilichokisahau, nilichokipima na nilichokuwa sijakipima. Mstari wa mwisho ulisema kwamba kosa ni langu na si la karani. Barua ya onyo iliondolewa wiki ile ile. Mimi nilipewa onyo la mdomo, na mkataba wangu haukuvunjwa. Meneja, kwa upande wake, alimwita mama yule ofisini mwake akamtaka radhi ana kwa ana, jambo ambalo sikulitegemea, nami nikamheshimu kwa hilo.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilimkuta kwenye dirisha lake, saa mbili kasoro dakika mbili, mashine imefunguka, naye anaitazama kama mtu anayetazama mlango uliozoea kukwama. Nilimweleza yote. Nilitazamia atanikaripia, au atanisamehe haraka kama wafanyavyo wazazi wetu. Hakufanya la kwanza wala la pili.

"Nilikuambia, mwanangu," alisema polepole. "Nilikuambia pale kwenye ujia."

"Uliniambia, mama."

"Mimi barua yangu imetoka. Na wale waliokuwa wakisimama hapa mbele yangu, wao utawaandikia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi chumbani kwangu nikapiga hesabu. Tangu Machi hadi Julai zilikuwa siku za kazi zipatazo themanini na tano. Kila siku dakika kumi za bure. Jumla ni zaidi ya saa kumi na nne ambazo dirisha lilikuwa na karani na wanachama, lakini halikuwa na huduma. Kati ya waliosimama pale walikuwamo wazazi waliokuja kuchukua ada, na watu waliokuja kuchukua fedha za matibabu, wakakosa basi la kurudi kijijini. Majina yao siyajui, nao hawajui kwamba waliyemgunia hakuwa na hatia.

Niliyojifunza

Ofisi nyingi siku hizi hazina seva katika chumba cha pili. Majina na maneno ya siri ya wafanyakazi hutunzwa mbali, katika mitambo ya kampuni za ng'ambo, na mtu huweza kuingia kazini akiwa nyumbani kwake. Hata hivyo bado nasikia malalamiko yale yale: "Kompyuta yangu inachelewa kunikubali." Kwa hiyo naomba niyaweke hapa machache niliyoyapata kwa aibu, yamfae mwingine kwa bei nafuu.

Mtu akilalamika kwamba anachelewa kuingia, mbadilishe mtu, kisha mbadilishe kiti. Kama ucheleweshaji unamfuata mtu kila aendako, tazama mzigo wake na mipangilio yake. Kama unabaki kwenye kiti, tazama mashine, kebo, na kwanza kabisa tazama mashine ile imeambiwa imuulize nani majina. Kama unawapata wote saa ile ile ya asubuhi, tazama seva na njia ya kuifikia. Pima kwa saa, na uandike. "Inachelewa" ni neno tu, lakini dakika kumi na sekunde hamsini ni ushahidi.

Kila unapojaribu jambo, acha mstari mtupu chini yake katika daftari kwa ajili ya neno "nimerudisha". Usifunge ukurasa wakati mstari huo haujajazwa. Makosa mengi ya mitandao niliyoyaona tangu hapo hayakuletwa na wezi wala na umeme. Yaliletwa na dawa ya jana iliyosahauliwa mwilini.

Nanyi mlio wakubwa wa ofisi, orodha ya mtambo isomeni kwa tahadhari. Inawaambia saa ambayo mashine imesema "karibu". Haiwaambii ni saa ngapi mtu amebisha hodi. Kabla ya kutia sahihi barua itakayokaa katika faili la mtu hadi siku ya kustaafu kwake, nendeni mkaketi asubuhi moja katika kiti chake.

Mama yule alistaafu kwa wakati wake, faili lake likiwa safi. Siku ya kumuaga alipita madirisha yote matano akishikana mikono na makarani. Alipofika kwangu alinipa ile kalamu yake, kisha akasema, "Uwe unaandika na mstari wa tatu." Kalamu ile iliisha wino zamani. Naitunza ndani ya daftari, penye ukurasa wa tarehe 4 Machi.